Mtoto Msafi Kuliko Wote

Mama mkwe wangu alikata roho akiwa amesimama, nami nilikuwa napiga naye soga.

Cherehani yangu hukaa kwenye kibaraza cha nyuma, kinachotazama uani. Siku hiyo nilikuwa nakunja pindo za sare za shule, naye alikuwa anaanika mashuka. Pale nilipoketi niliona miguu yake tu chini ya shuka jeupe, na ndala za bluu zilizolika visigino. Nikamsimulia habari za mteja wangu mmoja aliyenenepa, kisha akaja kunigombeza mimi, eti gauni limepungua. Nikacheka. Nikangoja anijibu, maana hakuwa mtu wa kuacha neno lipite bure. Kimya.

"Mama, leo umbea wangu umekuchosha?"

Upepo ukalivuta shuka, likapepea, likarudi. Miguu haikusogea. Nilimaliza pindo nzima, nikakata uzi kwa meno, na miguu ile bado iko pale pale. Nikaenda nikalifunua shuka. Alikuwa ameegemea nguzo, mkono umeshika kamba, vibanio viwili vimo mdomoni, macho wazi yanatazama nguo zilizobaki kwenye beseni. Alikuwa ameshapoa.

Nilimlaza chini, nikampigia kelele baba mkwe. Halafu, sijui kwa nini, nikamaliza kuanika yale mashuka. Ningeyaachaje yavunde ndani ya beseni huku yeye ananitazama?

Niseme alikuwa mtu gani. Niliingia nyumba ile nikiwa yatima, sijui kuchambua mchele wala kufua kola ya shati. Mume wangu ni dereva wa lori la masafa, leo yuko huku kesho kule, kwa hiyo ukweli ni kwamba niliolewa na mama yake. Alinifundisha kila kitu bila kunipandishia sauti. Miaka ilipopita tumbo langu halijatokeza, majirani wakaanza kuuliza maswali ya kupinda pinda. Siku moja alimjibu mmoja wao mbele ya watu, "Mimi nilichukua binti, sikununua mbuzi wa kuzalisha. Kuna swali jingine?" Hakukuwa na jingine.

Sikuwahi kumwona akila ameketi. Alikula amesimama jikoni, sahani mkononi, sikio uani. Mikono yake ilikuwa na maji wakati wote, ncha za vidole zimejikunja. Alitumia mkono wa kushoto, na kwa hiyo kila alichokikunja au kukifunga kilikwenda kinyume na vyetu. Mimi fundi cherehani ningeweza kulitambua fundo lake gizani. Na alikuwa fundi wa vichanga. Wazazi wa mtaa mzima walimletea watoto wao wa kwanza awaonyeshe namna ya kuwaogesha. Alijifungia nao chumbani, akauegemea mlango kwa nyonga ili upepo usiingie, na wewe uliye nje ulisikia mvumo wake tu, wa puani, hauna maneno, na mtoto ananyamaza.

Alipokufa, wifi yangu alikuwa na mimba kubwa. Tunamwita Kitinda, kwa kuwa ni kitindamimba, aliyekuja miaka mingi baada ya mume wangu, wakati watu walishaacha kumtazamia. Alidekezwa akadekezeka. Mpaka anaolewa alikuwa hajakamua nguo yake mwenyewe. Mumewe ni mchimba madini, yuko kambini mbali, kwa hiyo Kitinda alirudi nyumbani ajifungulie kwa mama yake. Kila asubuhi mama mkwe alimpapasa tumbo na kumwambia yale yale: "Wewe kazi yako ni kujifungua tu. Ukimaliza, lala. Kuogesha, kufunga, kubembeleza, niachie mimi. Maji hutagusa."

Tulimzika, na kabla mwezi haujapinduka Kitinda akarudi kutoka hospitali na mtoto wa kike mdogo kama mkate.

Alikuwa anamwogopa. Alimshika kama mtu aliyepewa sinia la mayai. "Wifi, nikimvunja?" aliniuliza. Tulimwogesha pamoja siku za kwanza, mimi nimeshika shingo, yeye analia kuliko mtoto. "Mama aliniahidi," alisema. "Aliniahidi kabisa, kisha akaenda zake."

Baada ya hapo ikaja alasiri moja, jua kali, mtaa umetulia. Kitinda alikuwa amelala chumbani kwa mama yake, ndiko alikohamia na mtoto. Mimi nilikuwa kwenye cherehani. Nikamsikia kichanga akianza kulia, nikasema nimalize mkono huu wa blauzi kwanza. Kabla sijamaliza, akanyamaza. Nikajua mama yake kaamka.

Jioni Kitinda akatoka anajinyoosha. "Ahsante, wifi. Umemwogesha hata sikusikia."

"Nani kamwogesha? Mimi sijanyanyuka hapa."

"Acha utani."

Tukaingia chumbani. Mtoto alikuwa kitandani, amepakwa mafuta mpaka anang'aa, nywele zimechanwa, amefungwa nepi safi. Sakafuni beseni, na pembeni yake unyevu wa maji yaliyomwagika. Tulimuuliza baba mkwe, ambaye ni fundi saa, na siku zote yuko mezani kwake sebuleni na lenzi yake jichoni. Akashangaa. "Mimi? Mimi saa ya mkononi tu nikiishika natetemeka siku hizi, nimshike kichanga?"

Nikainama nikaitazama ile nepi. Mkunjo ulikuwa umelazwa kuelekea kulia. Fundo limepita chini pale ambapo sisi sote tungelipitisha juu.

Nilinyanyuka nikakutana na macho ya Kitinda. Nilidhani atapiga kelele. Badala yake uso wake ulifunguka kama wa mtoto aliyeletewa zawadi. "Amekuja," alisema. "Si aliniahidi?"

Tangu siku hiyo ikawa hivyo. Mchana jua linapopinda, sauti ya mtoto inaanza, inakatika, na unasikia maji. Nepi chafu tulizokusanya ndani tulizikuta kwenye kamba, zimebanwa pembe kwa pembe. Nilijaribu kukaa na mtoto mimi mwenyewe, nisibanduke. Nilisinzia, mimi ambaye silali mchana, na nilipozinduka mapaja yangu yalikuwa matupu, na mtoto yuko kitandani ananukia sabuni.

Baba mkwe hakutaka kusikia hofu yangu. "Mwacheni mwenzenu afanye kazi yake," alisema. Akaanza kunyoa ndevu kila siku. Alasiri alivaa shati lililopigwa pasi, akachukua kigoda akakaa karibu na dirisha la kile chumba, kichwa kimeinama upande, anasikiliza. Nilimkuta hivyo siku moja nikamwuliza anasikia nini.

"Anavuma," alinijibu, akanionyesha kwa kidole ninyamaze.

Nami nikausikia. Mvumo wa puani, hauna maneno.

Jirani yetu fundi viatu, ambaye hupita nyuma ya ua wetu akienda kwake kula, alikuja kunilalamikia barazani. "Mama yenu siku hizi ana maringo. Nimempa salamu pale kwenye kamba, kanipa mgongo. Nimekosea nini?" Alikuwa ameshageuka kuondoka alipokumbuka. Alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Gunia la viatu lilimponyoka, viatu vikatawanyika uani, naye hakurudi kuviokota. Nilimpelekea mwenyewe, na tangu hapo akawa anazunguka njia ndefu.

Mume wangu alipopiga simu kutoka barabarani nilimweleza. Akapunguza mwendo, nikasikia injini ikishuka. Kisha akasema, "Nisalimie mama." Sijui kama alikuwa anatania.

Sasa mnaweza kuuliza, kulikuwa na ubaya gani? Nyumba ni safi, mtoto ni safi, mzazi anapumzika. Hata mimi kuna siku nilijiambia hivyo. Lakini Kitinda alianza kulala mno. Alikula, akalala. Aliamka na macho yamevimba, akauliza, "Ameshaogeshwa?" nikisema ndiyo, analala tena. Hakumgusa mtoto, ila usiku alimtia titi mdomoni nusu amelala. Na mtoto hakulia tena. Alilala amefungwa imara kama furushi, macho wazi, anatazama mahali fulani juu ya bega langu.

Nikawakokota wote wawili mpaka kliniki.

Nesi alipomfungua mtoto alimwita mwenzake aje aone. "Sijapata kumwona mtoto msafi namna hii. Hata mikunjo ya shingo haina taka." Kitinda akatabasamu kama aliyesifiwa yeye. Ndipo nesi akamweka kwenye mizani. Akakunja uso, akamtoa, akamweka tena.

"Mama, huyu ananyonya?"

"Hasumbui," alisema Kitinda. "Halii kabisa."

"Mtoto asiyelia si mpole, mama. Amechoka kulia." Nesi alimkandamiza Kitinda kifua, akatikisa kichwa. "Maziwa yameanza kukauka. Mnyonyeshe. Akilala, mwamshe. Usipofanya hivyo, utanirudia hapa na habari nyingine."

Njiani nilimbeba mtoto mimi. Chini ya nguo zile nyeupe hakuwa na uzito. Ndipo nilipoelewa kitu ambacho ningepaswa kukiona mapema, ila nani hufikiria mambo kama hayo? Aliyekufa anaweza kuogesha. Anaweza kufunga, kupaka mafuta, kuvuma mpaka mtoto anyamaze. Kunyonyesha hawezi. Na kila mtoto alipofungua mdomo kudai haki yake, alinyamazishwa.

Tulipofika nilimketisha Kitinda, nikamwambia amnyonyeshe mbele yangu. Alijaribu. Mtoto alivuta kidogo akaacha. "Nitajaribu tena akiamka," alisema Kitinda, macho yanajifumba. Nilitoka kumchemshia uji, na nilipokuwa jikoni nikasikia maji yanamiminwa.

Nilikimbia. Mlango wa chumba ulikuwa umerudishwa. Nikausukuma, ukanirudisha. Haukuwa umekomewa, komeo la mlango ule lilivunjika zamani. Ulikuwa umeegemewa. Nilisukuma kwa bega, nikahisi upande wa pili kitu laini, kizito, kinachosukuma nacho bila hasira, kama nyonga ya mtu mwenye shughuli.

"Mama," nikasema. "Ni mimi. Nifungulie."

Mlango ukalegea.

Kitinda alikuwa kitandani, amegeukia ukutani, amezama usingizini. Mwanga wa alasiri ulijaa chumba kizima, hakukuwa na kona yenye kivuli. Beseni lilikuwa katikati ya sakafu, na mtoto alikuwa ndani yake ameketi.

Mtoto wa umri ule haketi. Shingo yake haina nguvu ya kubeba kichwa. Lakini huyu aliketi, mgongo umenyooka, kichwa kimetulia, kama kimelazwa kwenye kiganja. Maji yalimwagikia mabegani kutoka juu, kidogo kidogo, na juu hakukuwa na kitu. Mvumo ulijaa chumba. Mbavu za mtoto zilihesabika.

Nilipiga magoti. Niliingiza mkono nyuma ya shingo ya mtoto, na hapo vidole vyangu vikakuta vidole vingine. Vilikuwa vimelowa, vya baridi, na ncha zake zimejikunja.

Sikupiga kelele. Nilikuwa nimevishika vidole vile miaka yote, nikifundishwa. "Mama," nikasema, "umemwogesha vizuri. Sasa ana njaa. Niachie nimpeleke kwa mama yake."

Vidole vikakaza. Havikunikwaruza, havikunisukuma. Vilikaza tu, kama mama mkwe alivyokuwa akimkaza mtoto mwenye utelezi anayetaka kumponyoka. Nilivuta, na mtoto hakuja. Nikaogopa nikizidi nitamwumiza. Wala sikuona ubaya wowote upande ule mwingine. Alikuwa anafanya kazi aliyoahidi, na hakuwa na njia ya kujua kwamba haitoshi. Si mimi niliyeahidiwa. Nisingeweza kumwondolea ahadi isiyo yangu.

"Kitinda! Amka! Kitinda!"

Aliamka ananiangalia bila kunielewa, kisha akaliona beseni. Midomo ikamcheza. "Mama," alisema kwa sauti ndogo, akanyoosha mikono kama anayetaka kubebwa.

"Mtazame mtoto," nikamwambia. "Mama muache kwanza. Mtazame mwanao."

Akatazama. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumtazama hasa bila nguo tangu zile siku tulizomwogesha pamoja. Nikamwona akitembeza macho kwenye zile mbavu, kwenye mapaja yaliyokunjamana kama soksi. Usingizi ukamtoka wote kwa mara moja. Akateremka kitandani, akapiga magoti mbele yangu, ng'ambo ya beseni.

"Mama, nimepumzika. Imetosha. Nipe mwanangu."

Mvumo haukukatika.

"Najua sijui kitu," alisema Kitinda, na sasa alikuwa analia. "Nitamtia sabuni machoni. Nitamfunga ovyo, nepi itamdondoka hadharani, watu wacheke. Atalia, nitalia. Lakini wewe huna maziwa, Mama. Mimi ninayo kidogo. Nipe."

Mvumo ukapungua, ukawa pumzi, ukakoma. Chini ya mkono wangu vidole vikaanza kutoka. Havikutoka kwa pamoja. Vilitoka kimoja kimoja, kama mtu anayekuachia chungu na hataki kukiacha mpaka ahakikishe umekishika sawasawa. Cha mwisho kilibaki kidogo. Kisha uzito wote wa kile kichwa ukashukia kiganjani mwangu, na maji ambayo yalikuwa na uvuguvugu, ingawa hakuna aliyewasha jiko kwa ajili yake, yakawa baridi ghafla.

Mtoto akapiga ukelele. Alilia mpaka akawa mwekundu, mateke yanaruka, maji yametulowesha sote. Kitinda akamnyakua hivyo hivyo na mapovu yake, akafungua blauzi.

Sitawadanganya kwamba mambo yalinyooka siku ile ile. Maziwa yalirudi kwa kususa. Nesi alituonyesha namna ya kumkamulia mtoto kwa kijiko, na Kitinda akawa anamwamsha mchana na usiku, ananyonyesha huku anasinzia ameketi. Alimwogesha mwenyewe. Mara ya kwanza sabuni ilimponyoka ikaingia chini ya kabati, mara ya pili alimvalisha gauni kichwa chini miguu juu. Mtoto alilia mtaa mzima ukajua. Fundi viatu aliposikia kilio hicho akaanza tena kupita njia fupi.

Aliyetununia ni baba mkwe. Alasiri ya kwanza alikaa dirishani na shati lake la pasi mpaka giza likaingia. Kesho yake vile vile. Kisha akaacha kunyoa. Nikimpelekea chakula alikitazama kama kimewekwa na mtu asiyemjua.

"Mmemfukuza," aliniambia.

"Hatukumfukuza, baba. Tumempokea kazi."

"Mimi nilikuwa namsikia. Sasa simsikii." Akarudisha lenzi jichoni, ingawa mezani hakukuwa na saa yoyote.

Niliiacha sahani mezani, nikatoka. Huzuni yake ilikuwa halali yake, na sisi ndio tuliomrudishia. Tulikaa hivyo, nyumba imegawanyika, vikombe vinaoshwa kwa zamu na bado vina alama za chai. Mume wangu alirudi safari, akakaa na baba yake dirishani, akaondoka. Mtoto alinenepa. Mashavu yalitokeza, akaanza kukasirikia watu.

Mchana mmoja Kitinda alikuwa anamwogesha uani, vita vimepamba moto, mimi nashika hiki na kuangusha kile. Baba mkwe akatoka ndani na kigoda chake. Nikadhani amekuja kutukemea kelele. Akaketi, akatutazama muda.

"Mnajua mama yenu kwao walimwita nani?"

Hatukujua.

"Gogo."

"Gogo?" Kitinda aligeuka, sabuni mpaka kwenye nyusi. "Mama?"

"Kwa kulala. Msichana yule alilala jamani! Alilala akichota maji, ndoo inafurika. Alilala kanisani, msikitini, penye ngoma, popote utakapomweka. Mama yake alikuwa anasema, huyu nani atamwoa, labda mtengeneza magodoro. Siku nilipokwenda kwao mara ya kwanza ilikuwa mchana, na alikuwa amelala. Wakamwamsha. Akatoka ana alama za mkeka shavu zima, ananiangalia kwa jicho moja. Nikajiambia, ni huyu huyu."

Akacheka, na kicheko kilimshangaza yeye mwenyewe. "Basi akamzaa huyu dereva wenu, na usingizi ukaishia hapo. Nilimwuliza, mwenzangu, vipi, Gogo yuko wapi? Akaniambia, nitalala baadaye."

Kitinda alikuwa amekaa chini kwenye maji, mtoto mapajani, anacheka na machozi yanamtoka. "Gogo," alirudia. "Gogo!" Baba mkwe akaniomba chakula. Nilimpakulia maharage, akala yote, akasema chumvi imezidi.

Vyombo vya mchana tuliviacha kama vilivyo. Nilitandika mkeka kibarazani, nikajilaza upande mmoja, Kitinda upande mwingine, mtoto katikati, na baba mkwe akalala kwenye kiti, mdomo wazi. Tulilala mpaka jua likashuka nyuma ya paa, na tulipoamka vyombo vilikuwa pale pale, hakuna aliyevigusa, vimejaa nzi.